Hatua za Mzee Hamuza

Nyumba ya Nafuna pale Wanyange imemzeesha kabla ya siku zake, na yeye mwenyewe hulisema jambo hilo kwa majivuno. Ukimkuta barazani atakuonyesha. Huu ufa ni wa mwaka wa mvua kubwa. Hili bati liliruka na upepo wa ziwani, likaokotwa kwa Christine, jirani yake wa chini. Mlango wa uani uliliwa na mchwa kutoka ndani mpaka ikabaki rangi tupu, na siku alipouegemea kwa kiwiko ukavunjika kama biskuti. Mbuzi wa watu wamekula maua yake. Maji ya mvua ya jirani wa juu yamepita sebuleni bila kupiga hodi. Nguzo ya umeme ilisimamishwa katikati ya mboga zake, mafundi wakasema watarudi kuihamisha, na sasa ni mwaka wa sita. "Mwenye nyumba halali," husema Nafuna, "anafumba macho tu."

Lakini ufa huzibwa, mlango hununuliwa mwingine, na mbuzi hufukuzwa kwa mawe. Kilichomuuma kichwa kuliko vyote ni makaburi.

Nafuna ni Mgisu, Mwislamu, mzaliwa wa Malukhu kule Mbale. Alikuja Jinja akiwa binti wa miaka ishirini kufanya kazi katika kiwanda cha nguo, akapata chumba kimoja Walukuba, kwenye zile nyumba za wafanyakazi. Huko ndiko alikojifunza Kiswahili chake, kwa sababu mlango wa kulia alikaa Mluo, wa kushoto Mkenya wa Bungoma, na wa mbele Mteso, na hakuna aliyekuwa tayari kujifunza lugha ya mwenzake. Yule wa Bungoma, Makokha, dereva wa malori, alimwoa. Alisilimu kwa ajili ya ndoa, kisha akaviacha vyote viwili, dini na ndoa, huko Eldoret. Nafuna akabaki na binti yao Zulaika. Akasimama mbele ya mashine miaka kumi na saba, na kiwanda kilipofungwa akauza mitumba. Mwaka 2008 akanunua kipande cha ardhi Wanyange, nje kidogo ya Jinja, juu ya ziwa, kutoka kwa mvuvi mmoja mzee, Msoga, jina lake Hamuza.

Mzee Hamuza alikuwa mrefu kupita kiasi. Watoto walimwita Nguzo. Kwenye kipande kile palikuwa na makaburi ya baba na mama yake, na siku ya kuuza alisema wazi mbele ya mashahidi: ardhi nauza, wazazi wangu siuzi. Angebakiza sehemu ya makaburi, pamoja na nafasi yake na ya mkewe Namwase siku zao zitakapofika. Nafuna akaona ni haki. Nani atanunua ardhi amfukuze maiti? Basi wakaandikiana, na hapo kwenye kuandikiana ndipo kosa lilipofanyika. Hakuna aliyekuja na futi. Mzee akasimama kwenye kaburi la baba yake, akapiga hatua sita kuelekea upande wa barabara, akapiga nne ubavuni, na karani akaandika alivyoona: "hatua sita kwa nne, za muuzaji." Wote wakatia dole gumba. Walidhani jambo limekwisha, kwa kuwa muuzaji alikuwepo pale pale na miguu yake.

Kosa la pili alilifanya Nafuna mwenyewe, tena kwa adabu. Pale hatua za Mzee zilipoishia, yeye alipanda oluwanyi kuzunguka. Huu ni mmea wa majani marefu ambao Wasoga huuweka mipakani. Kata kijiti chake, kichomeke popote, hata kiangazi, kitashika. Na kikishashika, usikiguse: kung'oa oluwanyi ni kesi mbele ya kijiji kizima, na wazee watakuambia ni laana pia. Nafuna hakuwa na nia ya kuweka mpaka. Alitaka tu mbuzi wasikanyage wafu wa watu. Alikuwa mgeni mwema, maskini, na wema wake ulikuja kumgharimu.

Mzee Hamuza alikufa mwaka 2012, akazikwa ndani ya oluwanyi, akiacha upande wake wa kushoto nafasi ya mkewe. Nafuna alilia msibani kama ndugu. Kufikia wakati huo alikuwa amezoeana sana na Namwase. Yule bibi aliishi bondeni kwa mwanawe mkubwa Isiko, lakini kila siku alipanda mlima kuja kukaa kwenye baraza la Nafuna, akidai hewa ya juu ni nzuri kwa magoti. Magoti gani yanayopenda mlima? Alikuja kwa sababu ya chai na maneno.

Mwaka uliofuata Zulaika alikuja kwa mama yake kujifungua. Uchungu ukamshika asubuhi moja ya Aprili, mvua inanyesha kwa hasira, njia imekuwa tope, na hakuna mtu wa boda aliyekubali kupanda kule juu. Namwase ndiye aliyepanda, amejifunika kichwani beseni lake jeupe la bati badala ya mwavuli. Kabla ya saa tano mtoto alikuwa amelia: msichana, wakamwita Rahmah. Kondo la nyuma Namwase hakumkabidhi mtu. Alichukua jembe, akatoka nalo mvuani kwenda kulizika chini ya mgomba kama desturi ilivyo. Nafuna alisimama mlangoni akimtazama. Bibi aliutazama mgomba uliokuwa karibu na makaburi, akatikisa kichwa, akasogea mpaka kwenye mgomba mwingine, nje kabisa ya oluwanyi, kandokando ya njia inayotoka barabarani kuja nyumbani.

"Mtoto hawekwi karibu na wafu," alisema aliporudi. "Wanaweza kumpenda."

Na ili mbwa wasifukue, alikuwa amelifunika lile kondo kwa beseni lake, kifudifudi, akarudishia udongo juu.

"Mama Isiko, beseni yako!" Nafuna akashangaa, maana lilikuwa beseni zima.

"Liache. Lina kazi."

Sasa Isiko. Alirithi urefu wa baba yake lakini hakurithi haya yake. Kila mwaka kabla ya Ramadhani alikuja na vijana wa ukoo kusafisha makaburi, jambo la heri, na kila mwaka aliona vijiti fulani vya oluwanyi vimekufa. "Tunavibadilisha tu, Mama Zulaika," alisema huku akitabasamu. Ajabu ni kwamba vilivyokufa vilikuwa vya upande wa barabara tu, na vipya vilipandwa mguu mmoja nje ya pale vya zamani vilipokuwa. Ukipewa shubiri usichukue pima, walisema wahenga. Isiko alichukua pima kwa kuunganisha shubiri. Nafuna hakuweza kuving'oa. Angeonwa na nani asishtakiwe? Alikuwa Mgisu kwenye kijiji cha Wasoga, na oluwanyi ni oluwanyi.

Isiko hakuwa mjinga. Watu wenye pesa walikuwa wameanza kununua vipande vinavyotazama ziwa ili wajenge nyumba za wageni, na walichouliza kwanza ni kama kuna njia ya gari. Njia ya pekee ya kuingia kwa Nafuna ilipita kati ya barabara na makaburi. Makaburi yakiimeza, nyumba yake ingebaki kisiwani, na siku moja angelazimika kumuuzia Isiko kwa bei ya kutupa, kisha Isiko amuuzie mwingine. Wafu wale, Mungu awarehemu, walikuwa wakitembezwa bila kuombwa ruhusa.

Alipolalamika, Isiko alimjibu kwa upole wa mtu aliyejiandaa. "Karatasi inasema hatua sita za baba. Wewe ulijua miguu ya baba." Kisha akasimama kwenye kaburi la babu yake akaonyesha. Hakutembea. Aliruka, mara sita, kama mtu anayevuka mitaro, akatua karibu na njia. Vijana wakacheka. Nafuna hakucheka.

Karatasi yenyewe ilikuwa Mbale. Aliihifadhi huko kwenye sanduku la kaka yake mdogo, Mafabi, tangu mchwa walipoanza kazi yao. Mwaka jana alikwenda Malukhu kuichukua, labda kuna neno alilolisahau. Akakaa sebuleni kwa Mafabi, kwenye kiwanja alichozaliwa yeye mwenyewe, akaisoma mara tatu. Hakukuwa na neno alilolisahau. Hatua sita kwa nne, za muuzaji, basi.

"Dada, uza hiyo kitu," Mafabi akasema. "Unapigana na Wasoga juu ya makaburi yao, utashinda aje? Watu mingi namna ile. Uza, kuja nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Hapa, si nyumbani kwenu?"

"Hii kiwanja ya baba iko kwa jina ya nani?"

Mafabi akakuna shingo. "Dada, unajua sisi Bagisu. Ardhi ni ya wavulana. Si mimi nilipanga hivyo."

"Basi hapa ni nyumbani kwako," Nafuna akasema. "Mimi hapa ni mgeni, nitakunywa chai nitaondoka. Mafabi, wewe ulisimama mbele ya kisu cha tohara dakika mbili, wakakupigia ngoma, wakakupa shamba. Mimi nimesimama mbele ya mashine miaka kumi na saba. Nani alinipigia ngoma?"

"Sikusema hivyo kwa ubaya."

"Najua. Lakini sitaki kusikia tena hiyo neno ya kuuza."

Akaikunja karatasi, akaitia kifuani, akanywa ile chai mpaka mwisho kwa sababu mkewe Mafabi alikuwa ameitia tangawizi vizuri. Njiani kurudi Jinja alikuwa na hasira, na ndani ya hasira kulikuwa na hofu, hilo hakujificha. Ana umri wa miaka hamsini na minane. Akiipoteza Wanyange, hakuna mahali pengine duniani ambapo anaweza kufunga mlango na kusema huu ni wangu.

Namwase alifariki Jumatano moja ya mwaka huu, alfajiri, akiwa usingizini.

Nafuna alipata habari anapika uji. Aliutoa uji motoni, akavaa gomesi lake jeusi, lile vazi refu la heshima la wanawake wa huko, akashuka bondeni mbio. Akaomba awe mmoja wa waoshaji, na wanawake wa ukoo walimpisha bila swali, wote waliujua urafiki wao. Akamwosha rafiki yake kwa mikono yake, polepole, akimwagia maji na kumsomea, na alipofika kwenye yale magoti yaliyopenda mlima machozi yakamshinda. Nje, masufuria ya msiba yalikuwa yamekwisha pandishwa motoni. Mazishi yalipangwa baada ya sala ya adhuhuri. Kwa Waislamu maiti hachelewi.

Walikuwa wanakunja sanda Christine alipochungulia mlangoni. Christine si Mwislamu, hakuthubutu kuingia, akaita kwa sauti ya chini: "Mama Zulaika. Vijana ya Isiko wanachimba kaburi kwako."

"Najua. Leo ndiyo siku yake."

"Wanachimba kwa mgomba wako. Ule ya Rahmah."

Nafuna akalishusha lile pindo la sanda taratibu. Akawaambia wenzake, "Malizieni, dada zangu. Nakuja." Akatoka na mikono ya gomesi ikiwa imelowa hadi viwikoni, akaupanda mlima. Fikiria mwenyewe. Umemwacha rafiki yako kwenye kitanda cha kuoshea, bado hata hujamlilia vya kutosha, na mwanawe anatumia maiti yake kama kigingi cha kukunyang'anya njia. Nafuna alikuwa akilia na kutukana kwa pamoja, kwa Kigisu, lugha aliyoihifadhi kwa mambo ya namna hiyo.

Alikuta shimo limefika magotini. Wachimbaji walikuwa watatu, na wa mbele yao ni Shakul, mpwa wa Isiko. Wanaume kama thelathini walikuwa wamesimama kando: shehe, wazee wa ukoo, na Siraje, mwenyekiti wa kijiji, mtu anayependa amani kiasi cha kutokuwa na maoni. Isiko alisimama na kanzu yake, mrefu, macho mekundu. Alikuwa na msiba kweli, tusimwonee. Lakini msiba haukumzuia kupiga hesabu.

Nafuna hakusimama kwanza kusalimu. Aliingia shimoni, na majembe yakasimama.

Kisoga anakijua vizuri, lakini akikasirika hutoka na Kiswahili cha Walukuba, na watu wa Wanyange, ambao wakisikia Kiswahili bado hukumbuka askari wa zamani waliowaamrisha kwa lugha hiyo, hunyamaza kwanza.

"Hapa nyinyi nachimba nini?"

"Kaburi ya mama," Isiko akasema.

"Nafasi ya mama yako iko pale, upande wa kushoto wa mume wake. Imemngoja miaka kumi na mbili. Hapa iko nani? Amlalie nani?"

"Hii yote ni ya makaburi. Ona oluwanyi. Kwani nani alianza kupanda, si wewe?"

Shehe akakohoa. "Mama, wanawake hawaji makaburini namna hii."

"Shehe, mimi sijaja makaburini. Mimi niko nyumbani kwangu."

Kuna mtu alicheka nyuma, akajidai anakohoa. Mzee mmoja wa ukoo akasema ni aibu kuzuia mazishi, maiti hasubiri, mgeni ajue mipaka yake.

"Mipaka ndiyo ninaijua," Nafuna akasema. "Na Namwase nimemwosha mimi. Hii maji kwa nguo yangu ni maji yake. Mimi ndiye sitaki asubiri! Chimbeni pale kwa mume wake, tumzike saa hii hii, nitawapikia mwenyewe. Lakini hapa, kama mnataka kuzika mtu, anzeni na mimi."

Siraje akasema labda watu wapime. Isiko alikuwa akilingoja neno hilo. Akaitoa nakala yake ya hati, akaisoma kwa sauti, akasimama kwenye kaburi la babu yake, akaruka zile hatua zake sita, safari hii na kanzu imeshikwa mkononi, akatua nusu mita kutoka shimoni. "Miguu ya baba," akasema akihema. Nani angebisha? Miguu yenyewe ilikuwa chini ya ardhi.

Hapo ndipo Nafuna alipotulia. Wanaomfahamu wanajua kwamba akitulia ndiyo mbaya zaidi.

"Isiko, mwanangu, nikuulize. Nyinyi Wasoga, mtoto akizaliwa, kondo lake mnazika makaburini?"

Isiko hakuona alikokuwa anapelekwa. "Hapana. Nani anaweza kufanya hiyo?"

"Hata kama ni mtoto wa mgeni?"

"Hata wa mgeni. Ni kuita kifo."

"Wazee, mmesikia?" Wazee walikuwa wamesikia, wengine walitikisa kichwa kwa kuchukizwa na lile wazo tu. "Basi kondo la mjukuu wangu Rahmah liko hapa, chini ya huu mgomba. Amelizika mama yako kwa mkono wake, mwaka mmoja baada ya kumzika baba yako. Kama hapa ni makaburini, mama yako alitaka kumuua mtoto wangu kwa kusudi. Sema hivyo, na yeye bado yuko juu ya kitanda."

"Maneno ya wanawake," Isiko akasema, lakini sauti ilikuwa imepungua. "Shahidi ni nani?"

"Shakul, nipe hiyo jembe."

Shakul akampa. Nafuna akatoka shimoni, akapiga magoti kwenye shina la mgomba, akaanza kufukua. Baada ya kupiga mara tatu akaliweka jembe kando, akaendelea kwa vidole. Miaka kumi na moja hakuwa amepagusa mahali pale, hata magugu aliyang'oa kwa mbali, kwa kuwa kondo likifunuliwa mtoto hatulii maishani, hivyo alifundishwa Malukhu na hivyo hufundishwa Wanyange. Je, kutu imekwisha kulila lile beseni? Je, maji ya ule mwaka wa mvua kubwa yalilihamisha? Akajiapiza kwamba akifika kina cha kiganja kizima bila kugusa kitu, ataacha, na achukuliwe njia, na achukuliwe nyumba, lakini Rahmah hafunuliwi.

Kidole chake cha kati kikagusa bati.

Akaondoa udongo polepole. Likatokea duara la kitako cha beseni, jeupe huku na kahawia kule. Hakulinyanyua. Alilivuta pindo la mkono wa gomesi, lile lililolowa maji ya kumwoshea Namwase, akafuta kitako chote kwa mzunguko.

Huko kwao kila mwanamke ana alama yake chini ya vyombo, ili vikikusanywa msibani au harusini virudi kwa mwenyewe. Alama ya Namwase ilikuwa samaki wa mistari miwili, mwekundu, aliyemchora kwa rangi iliyobaki marehemu mumewe alipopaka mtumbwi. Samaki akajitokeza chini ya pindo la Nafuna, amefifia mkiani, lakini samaki. Wakati huo huo, kule bondeni, samaki yule yule alikuwa akipata moto chini ya masufuria ya Namwase mwenyewe.

"Hii ya jaja," Shakul akasema, akimaanisha bibi yake. Akavua kofia.

Wanaume wakasogea, mmoja mmoja, wakachungulia, wakarudi nyuma. Hakuna aliyethubutu kukanyaga karibu. Isiko naye alichungulia. Akasema, "Labda iliibiwa."

Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu achaguliwe, Mwenyekiti Siraje akatoa maoni. "Bwana Isiko, mwizi gani anaiba beseni halafu anaizika?"

"Mama yako alijua mpaka," Nafuna akamwambia Isiko, bado amepiga magoti. "Alitazama kwa macho tu. Hakuhitaji miguu ya mtu."

Isiko akamtazama, kisha akalitazama lile beseni, na uso wake ukabadilika ukawa wa mtoto aliyefiwa. "Tuliitoe, basi," akasema kwa sauti ndogo. "Ni kitu ya mama. Niiweke."

Nafuna alimwonea huruma, kweli. Kisha akarudishia udongo juu ya samaki kwa viganja vyote viwili, akaushindilia.

"Iache. Ina kazi."

Shehe akasema muda unakwenda. Shakul na wenzake wakahamia upande wa kushoto wa Mzee Hamuza, na kufikia adhuhuri mwanandani ulikuwa tayari. Lakini lile shimo la kwanza halikuweza kuachwa hivi hivi. Kaburi lililochimbwa likikosa mtu hutafuta mtu. Huzikwa shina la mgomba ndani yake, lidanganyike. Mmoja wa vijana akaushika mgomba uliokuwa karibu, Nafuna akampiga kofi la mkononi.

"Huo haukatwi. Isiko ana migomba kwake."

Basi Isiko akashuka bondeni na kanzu yake, akakata mgomba wake mwenyewe, akaupandisha mlima begani mbele ya wote waliokuja kumzika mama yake, akaulaza shimoni na kuufukia. Hakuna aliyecheka. Halafu Namwase akaletwa, akalazwa pale alipoahidiwa. Nafuna aliyatazama mazishi kutoka barazani kwake, kama wanawake wanavyotakiwa, na akalia kwa nafasi, ile aliyonyimwa asubuhi.

Siku ya tatu, baada ya dua, Siraje alipanda na daftari, wino wa dole gumba, na futi ya fundi seremala. Wazee wawili wa ukoo walikuwepo, Isiko pia, mikono nyuma. Walikubaliana kwamba hati iandikwe upya na oluwanyi irudi ndani, ing'olewe na ukoo wenyewe ili pasiwe na kesi wala laana. Siraje akafungua daftari, akasita.

"Makaburi ni hatua sita kwa nne, hiyo hatubadilishi. Lakini sasa tuandike hatua za nani? Muuzaji hayupo."

"Andika za Nafuna," Nafuna mwenyewe akasema. "Aliyebaki kutembea hapa ni mimi. Nitatembea, wewe pima nilipokanyaga."

Akavua viatu, akasimama kwenye kaburi la baba yake Hamuza. Kwanza alitembea zile nne za ubavuni, upande aliolala Namwase. Alilipandisha gomesi juu ya magoti, akavuta mguu mpaka nyonga ikalia, hatua ndefu kuliko alizowahi kupiga maishani, na Siraje alipopima akakuta amezidisha mita nzima kuliko Hamuza mwenyewe alivyotoa. Wazee wakasema, mama, umepitiliza. Akasema andika hivyo hivyo, Namwase alikuwa na magoti mabovu, anahitaji mahali pa kunyoosha.

Kisha akarudi kaburini, akalishusha gomesi lake, akalinyoosha, akageukia upande wa barabara. Isiko alikuwa amesimama huko, kandokando ya njia, kijiti cha oluwanyi mkononi. Nafuna akamwelekea kwa hatua sita za mwanamke mfupi anayetoka kuteka maji, asiyekuwa na haraka yoyote, akasimama, akaonyesha kidole chini.

"Chomeka hapo."